Acha Mchoro Ndani ya Boksi

Kila mwaka, msimu wa mawasilisho ya miradi ya mwaka wa mwisho ukifika, korido za idara zinajaa maboksi. Kuna la kumwagilia bustani, kuna la kufungua geti, kuna la kulisha samaki. Siku ya paneli karibu yote yanafanya kazi, watu wanapiga makofi, picha zinaingia status. Mimi nauliza swali moja tu: likizima mwezi ujao huko lilikopelekwa, nani atalifufua? Msimamo wangu ni huu: mradi ambao haujaacha mchoro wa nyaya ndani ya boksi lake, kwa Kiswahili, haujakamilika, na usipewe alama za mradi uliokamilika.

Nitatolea mfano kwetu Ruvuma. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66: unaiacha kahawa milimani, unashuka mpaka Ziwa Nyasa. Huko ufukweni usipa, wale dagaa wa Nyasa, huanikwa juani. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mzigo unaoza na hela ya familia imeondoka. Kwa hiyo mwanachuo wa huku akiwaza kikaushio cha sola, anawaza kitu cha maana. Maikrokontrola inasoma joto, servo tatu zinafungua na kufunga vidirisha vya hewa. Wazo halina shida. Shida inaanzia kwenye nyaya.

Bodi ambayo wengi wetu tunanunua kwa kazi hii inabeba chipu ya PCA9685. Ni bodi nzuri sana. Kwa nyaya mbili tu za mawasiliano, SDA na SCL, unaendesha servo hadi 16. Lakini ina milango miwili ya umeme, na hapo ndipo watu wanapoteleza. VCC ni umeme wa chipu yenyewe, kidogo sana. V+ ni umeme wa servo, na huo ni mwingi. Servo kama MG996R ikikwama kwenye volti 6 inaweza kuvuta ampea 2.5. Tatu zikikwama pamoja ni ampea 7.5. Sasa mtu anachomeka zote kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, na Arduino yenyewe inakula kutoka USB ya laptop, ambayo kwa kawaida ni miliampea 500. Servo zikianza kuzunguka volti inaporomoka, maikrokontrola inazima na kuwaka upya, inaziamuru servo tena, inazima tena. Mwenye mradi anakesha anakagua programu, kumbe programu haina kosa.

Dawa yake inajulikana. Servo zipate betri au pawasaplai yao kupitia V+. Graundi ya betri hiyo iunganishwe na graundi ya maikrokontrola, maana bila graundi ya pamoja ishara haina pa kupimiwa. Ukitumia ESP32, VCC ya bodi iende kwenye volti 3.3 na sio 5, kwa sababu ile bodi huvuta SDA na SCL kufikia volti ya VCC, na pini za ESP32 hazikutengenezwa kwa volti 5. Mambo manne matano, yanaenea kwenye nusu ukurasa.

Na hiyo nusu ukurasa ndiyo haipo. Nikiwa field Mbinga niliona boksi la namna hiyo mezani kwa fundi redio. Wanachuo waliolitengeneza walishaondoka zamani. Nyaya zote nyeusi, gundi ya moto imemwagwa juu ya viungo. Fundi akaniuliza, "Mdogo wangu, chanya ya hizi mota inaingilia wapi?" Nikamchorea bodi kwenye kipande cha katoni: huku VCC, huku V+, hii graundi. Akachukua mita yake, akapima huku servo zinazunguka, akaona volti inavyoanguka. Akasema, "Hii haijaharibika, ina njaa." Hakuhitaji kusomeshwa, alihitaji mchoro.

Hao ndio watu tunaowasahau tunaposema teknolojia vijijini haidumu. Fundi anayejua volti, anayejua graundi, mwenye mita na chuma cha kulehemu, yupo Mbinga na yupo Mbamba Bay. Tunamnyima taarifa, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina utaalamu.

Najua nitajibiwa kwamba mchoro upo kwenye ripoti ya mradi. Sawa, upo, kwa Kiingereza, kwenye shelfu la maktaba, mamia ya kilomita kutoka kwenye kikaushio. Wengine watasema bumu halitoshi. Karatasi moja na nyaya za rangi tatu hazimalizi bumu la mtu. Kinachomaliza bumu ni kuunguza bodi na kuagiza nyingine Kariakoo, halafu kusubiri basi lilete.

Wamatengo wana ngoro, mashimo yale ya kilimo cha mteremko. Mkulima hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, akazifunika kwa udongo anaouchimba katikati, na maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kubeba shamba. Ametengeneza mahali pa maji na mahali pa mazao kwa pamoja. Sisi tunapanda programu kwanza, umeme tunautafutia njia usiku wa kuamkia paneli.

Kwa hiyo napendekeza serikali ya wanafunzi ipeleke mambo matatu kwenye idara. Kwanza, kila boksi liwe na mchoro wa nyaya kwa Kiswahili, umebandikwa ndani ya kifuniko, ukionyesha volti za kila mlango na aina ya kila kifaa. Pili, rangi zifuatwe: nyekundu chanya, nyeusi graundi, rangi nyingine kwa ishara, na gundi isifunike viungo. Tatu, siku ya paneli laptop iondolewe. Mradi uendeshwe kwa betri ile ile itakayotumika huko uendako, servo zote zikizunguka kwa wakati mmoja, na paneli iweke mita kwenye V+ isome.

Wanaomaliza mwaka huu wanaweza kuanza bila kusubiri kikao. Kabla hujafunga kifuniko, mpe mchoro wako fundi yeyote wa mtaani, umuulize chanya inaingilia wapi. Akikuonyesha kwa kidole bila kukuuliza swali, funga.