Unangoja Nani Ndio Usafiri?

Wasee, tuache kungoja mabeshte ndio tusafiri. Kila mwaka ni "tutapanga", na hakuna mtu anatoa pesa. Mimi niliacha chuo, nikaweka akiba kidogo kidogo, nikapanda ndege hadi Kigali peke yangu. Kutoka Nairobi ni kama saa moja na nusu, na Mkenya anaingia Rwanda na kitambulisho tu. Visa hakuna.

Siku ya kwanza ndiyo mwalimu. Saa yako unairudisha nyuma saa moja. Magari yanapita kulia, kwa hivyo ukivuka barabara na mazoea ya Nairobi utagongwa. Boda huko wanaita moto, na dereva anakupa helmeti kabla upande. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, lakini mtaani ni Kinyarwanda, kwa hivyo jua kusema "murakoze".

Usiku, chumbani, uoga utakuja. Uache ukae. Ukishajitegemea siku nzima mahali hakuna anayekujua, maneno ya watu wa nyumbani kuhusu maisha yako hayatakuwa na uzito ule ule.

Sasa wewe, unangoja nani?