Nani Aliufungua Moyo wa Lidia?
Wanaobishana kama imani iokoayo ni uamuzi wa mtu au zawadi ya Mungu waisome upya sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Kule Filipi, kando ya mto, Lidia, mwuza rangi ya zambarau wa Thiatira, anamsikiliza Paulo; Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema wazi kwamba Bwana ndiye aliyeufungua moyo wake. Lakini katika sura hiyohiyo, usiku wa tetemeko lililotikisa gereza alimofungwa Paulo, mlinzi wa gereza akiuliza afanye nini aokoke, anaambiwa amwamini Bwana Yesu. Haambiwi asubiri. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa la Kikalvini huko Uholanzi, 1618–1619, iliwahukumu wafuasi wa mwanateolojia Arminius, waliosema mtu aweza kuikubali au kuikataa neema, kwa suala hilihili, na ubishi haukwisha. Mimi nasimama na Lidia: hata kuitikia kwetu ni neema. Basi wahubiri, msimpe mwongofu sifa ya kuamua, mfundisheni kushukuru.