Magadi Si Githeri

Wasee, leo naongea kuhusu magadi. Si ile ziwa, na si ile soda ya mathe jikoni. Naongea kuhusu magadi wa basketi, wale wa kupanda na mpira na kutupa kutoka mbali. Lakini hiyo ya jikoni usiisahau, tutairudia.

Juni 2021 nilikuwa nimetoka tu kumaliza sekondari, niko nyumbani sina kazi, naamka alfajiri kuangalia NBA kwa simu. Siku hiyo Portland walikuwa Denver, mechi ya tano ya mchujo. Damian Lillard alifanya mambo sijawahi kuona tena. Pointi 55. Mitupo 12 ya pointi tatu, rekodi ya mchujo. Portland wanakaribia kuzimwa, anatupa, inaingia, tunaenda muda wa nyongeza. Wanakaribia kuzimwa tena, anatupa tena, inaingia tena. Nilipiga nduru mpaka nikaamsha nyumba nzima.

Halafu wakapoteza, 147 kwa 140. Mechi iliyofuata wakatolewa kabisa, 4-2.

Kitu inauma zaidi ni hii: Denver hawakuwa hata na gadi wao mkuu. Jamal Murray alikuwa nje, goti limeumia. Waliyekuwa naye ni Nikola Jokić, senta, jamaa anayekimbia kama anaenda dukani kununua maziwa. Mpira unamfikia katikati, anaangalia, kama uko wazi unaupata. Ndiye alichaguliwa mchezaji bora wa msimu huo.

Watu walisema Lillard alikosa bahati. Mimi nasema Portland walikuwa wameonywa kitambo na hawakusikia.

Rudi 2018. Msimu huo Lillard alikuwa anafunga wastani wa pointi 26.9 kwa mechi, CJ McCollum 21.4. Magadi wawili, karibu nusu ya pointi zote za timu. Senta wao Jusuf Nurkić alikuwa na 14.3, na baada yake hakuna mwingine aliyefika 10. Walishinda mechi 49, wakamaliza nafasi ya tatu Magharibi, kila mtu akashangilia. Mchujo ukaanza, New Orleans wakaja na dawa rahisi sana: Lillard akishika mpira, wanamwendea wawili. Achia mpira, buda, tuone hao wengine watafanya nini. Lillard akashuka mpaka wastani wa 18.5, na Portland wakafagiwa 4-0 na timu iliyomaliza nafasi ya sita.

Mwaka uliofuata walifika fainali ya Magharibi, na Golden State wakawafagia tena 4-0 bila hata Kevin Durant, aliyekuwa ameumia. Niwe mkweli, Nurkić alikuwa amevunjika mguu, na Lillard mwenyewe alicheza na maumivu ya mbavu. Lakini angalia mechi ya nne. Meyers Leonard, senta ambaye hakuna mtu alikuwa anamtegemea, alifunga pointi 30. Thelathini! Kumbe alikuwa hapo tu wakati wote. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, wakapoteza kwa pointi mbili.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa maoni: “Na Curry je? Si Golden State pia ni magadi?” Swali poa. Curry pia alikuwa anaendewa na watu wawili kila siku. Tofauti ni kilichotokea baada ya hapo. Anamwachia Draymond Green katikati, sasa ni wanne dhidi ya watatu, na Draymond anajua kugawa. Ukimfunga Curry ulikuwa umemfungulia mwingine mlango. Ukimfunga Lillard, mlango ulikuwa umefungwa tu.

Sasa rudi jikoni. Magadi inalainisha githeri. Bila hiyo unaweza kuchemsha mpaka gesi iishe. Lakini magadi si githeri. Ukiona mahindi ni kidogo, dawa si kuongeza magadi. Utakula uchungu.

Mbona najali timu ya Marekani hivi? Kwa sababu hiyo Portland ilikuwa mimi.

Kabla niache campo nilikuwa gadi kwa timu yetu ndogo ya chuo. Nilikuwa nafunga, na nilipenda sana kuitwa jina. Tulikuwa na senta mmoja mrefu, mpole. Kazi yake ilikuwa kuniwekea kizuizi nipite, kuruka ribaundi, kunirudishia mpira. Siku moja baada ya mazoezi akaniuliza, bila hasira, “Bro, mimi hukuja hapa kucheza ama kukusindikiza?” Nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

Wiki kadhaa baadaye akaacha kuja. Mechi iliyofuata wapinzani waliniletea watu wawili, nikageuka kutafuta mtu wa kupea, hakukuwa na mtu. Na hata angekuwepo, angejua afanye nini na mpira? Sikuwa nimewahi kumpa. Mtu hawezi kufungua mkono siku ya shida kama mwaka mzima umemfunza kuinua ukuta tu.

Na bado nina hatia mpaka leo. Wale mnanifuata mnajua video zangu za uwanja wa mtaa. Kila wiki ni gadi: mtupo wa mbali, mpira kupita katikati ya miguu ya mtu, kelele. Nimewahi kuposti kizuizi? Ribaundi? Hapana, kwa sababu haziletei watu. Halafu nashangaa mbona madogo wote wa hapa, hata yule anakaribia kugusa ringi amesimama, wanataka kukaa nje kutupa tatu. Wanatufuata sisi tunaoshika kamera.

Denver walichukua ubingwa 2023. Murray alikuwa amerudi, Jokić bado katikati, na huwezi kusema ni nani kati yao alikuwa anamsindikiza mwenzake. Lillard aliondoka Portland mwaka huo huo bila kugusa fainali ya NBA na jezi ile.

Kwa hivyo Jumamosi nakuja uwanjani, na kamera haitamfuata mwenye mpira. Itamfuata senta, mechi yote. Labda mtapita bila kuangalia, sawa. Lakini kama uko kwa timu yoyote na wewe ndiye unaitwa jina kila siku, mtafute yule anakuwekea kizuizi. Mpe mpira kabla hujalazimika kumpa.

Na wewe senta wangu, kama bado unasoma hizi posti: hukukosea. Ulikuja kucheza.