Matunzo ya Mtoto ni Deni, na Serikali Ilidai

Nendeni asubuhi ya Jumatatu yoyote kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Mtakuta benchi limejaa akina mama. Mmoja ananyonyesha, na mapajani ameweka bahasha ya kaki yenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya mahitaji ya shule iliyokunjwa mara nne. Zamu yake ikifika ataeleza, afisa ataandika, kisha atakabidhiwa barua ya wito ya kumwita baba wa mtoto. Na mara nyingi anayeipeleka barua hiyo ni mama mwenyewe. Atapanda daladala kwa nauli yake, amtafute mwenyekiti wa mtaa anakoishi yule bwana, agonge mlango ambao siku hizi hufunguliwa na mke mwingine, na akitukanwa mbele ya majirani avumilie. Siku ya wito baba asipotokea, mama huandikiwa barua ya pili, na safari huanza upya.

Naomba tulitazame jambo hili bila haraka. Sheria tunayo, mahakama tunazo, na maafisa tunao, japo ni wachache. Lakini kazi ya kudai haki ya mtoto tumemtwisha yule ambaye katika ugomvi ule ndiye mnyonge kuliko wote. Nasema hilo ni kosa, na linaweza kurekebishwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimwekea mwanamume wajibu wa kuwapa watoto wake malazi, chakula, mavazi na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, wawe wanaishi naye au wako kwa mtu mwingine. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mambo yalikuwa ya aibu. Sheria ya enzi ya ukoloni iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ukabaki vitabuni mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Kufikia wakati huo shilingi 100 haikununua hata nusu kilo ya unga, nayo ndiyo iliyokuwa kipimo cha mwezi mzima wa maisha ya mtoto! Sheria mpya iliondoa aibu hiyo. Ikasema mtoto ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, hata muda wa kucheza. Ikaitaka mahakama, kabla ya kutoa amri ya matunzo, ipime kipato cha wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine walio nao, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Ni sheria nzuri, na walioitunga wanastahili shukrani.

Tatizo huanza siku ya pili baada ya amri kutolewa. Baba analipa mwezi wa kwanza, pengine na wa pili. Wa tatu anasema biashara imekuwa ngumu. Wa nne simu haipatikani. Mama mwenye amri ya mahakama mkononi inambidi arudi kuomba amri hiyo itekelezwe: aandike maombi, apangiwe tarehe, akose kazi ya siku hiyo, aambiwe mdaiwa hajulikani alipo. Wengi hukata tamaa hapo, wakisema bora nguvu hizo wazimalizie kwenye vitumbua. Sitawalaumu.

Sasa nauliza: tangu lini Serikali ya nchi hii ikashindwa kumpata mtu inayemdai? Kijana aliyesomeshwa chuo kikuu kwa mkopo akiajiriwa, Bodi ya Mikopo humkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016. Hakuna anayemwandikia barua ya wito. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata na kuwasilisha, na asipofanya hivyo yeye ndiye anayeadhibiwa. Tangu mwaka 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Mtu anayetumia simu nchini humu ana jina, ana namba, na sura yake iko kwenye kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mahakama ikiamuru atafutwe, atapatikana kabla jua halijazama. Jibu la kwamba hajulikani alipo lilifaa zamani. Leo maana yake ni kwamba hajatafutwa.

Basi kama fedha za mkopo zinafuatwa mpaka kwenye mshahara, fedha za uji wa mtoto zifuatwe vivyo hivyo. Watumishi wa umma na wa kampuni wasingekuwa na pa kukwepea kama kila amri ya matunzo ingepelekwa moja kwa moja kwa mwajiri siku ile ile inapotolewa, bila kusubiri mpaka baba ashindwe kulipa. Jambo hili halihitaji ofisi mpya wala gari jipya.

Najua mtaniambia kwamba wanaume wengi hawana mwajiri. Ni kweli, na hapa pana kazi ya kufikiri zaidi. Dereva wa bodaboda, mvuvi wa Kigamboni, mchimbaji mdogo wa Geita, wote hupata fedha kwa siku na huzitumia kwa siku. Ukimwamuru mtu kama huyo alipe shilingi 60,000 kila mwisho wa mwezi umemtega ashindwe, kwa sababu mwisho wa mwezi hauna maana yoyote katika mfuko wake. Mwamuru shilingi 2,000 kila siku anayofanya kazi, zitumwe kwa simu kwenda kwenye namba iliyosajiliwa mahakamani, na kila muamala uache kumbukumbu. Akipata ajali au msimu ukiwa mbaya, arudi mahakamani kuomba apunguziwe. Wapo akina baba wengi wenye nia njema wanaoshindwa kwa sababu tu amri iliandikwa kana kwamba kila mtu ana mshahara.

Niseme pia habari za msaada wa Serikali, maana matunzo ya baba peke yake hayatoshi, na watoto wengine hawana baba wa kudaiwa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umefanya kazi kubwa. Tangu mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukizipa kaya ruzuku ya fedha taslimu, na wanaozipokea kwa sehemu kubwa ni wanawake. Lakini mpango huo unapima umaskini wa kaya, haupimi mzigo wa mzazi aliye peke yake. Mama mwenye meza ya nyanya na chumba cha kupanga anaweza kuonekana ana nafuu mno kuandikishwa, ingawa akiugua wiki moja watoto wake watatu watalala njaa. Tena liko jambo linaloniuma. Ruzuku ile ina masharti: mtoto ahudhurie shule walau asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki. Mama asipotimiza, anakatwa. Masharti hayo siyapingi. Ila baba wa watoto hao hao, aliye hai na mwenye nguvu, haulizwi kitu na hakatwi kitu. Nchi moja haiwezi kuwa na mkono mkali kwa mzazi anayelea na mkono mlegevu kwa aliyekimbia.

Mwaka 2021 Serikali ilifungua milango ya shule kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa kujifungua. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini msichana wa kidato cha pili akirudi darasani, maziwa ya mtoto wake yanatoka wapi? Mara nyingi yanatoka kwa bibi, ambaye naye anafua nguo za watu. Wala tusiseme haiwezekani kuwasaidia: Zanzibar tangu mwaka 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni ya jamii, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Ushahidi huo unatosha kuwajibu wanaosema nchi zetu haziwezi kulipa watu wanyonge fedha kidogo kwa uhakika. Tukiamua, tunaweza.

Ujerumani tangu mwaka 1980 wana utaratibu ambao ningependa Bunge letu liuchunguze. Mzazi asipolipa matunzo, Serikali humlipa mtoto kiasi kilichowekwa, halafu deni huwa la Serikali, nayo humgeukia mzazi yule na kumdai. Mtoto hasubiri kesi iishe ndipo ale. Na mdaiwa hushughulika na mamlaka yenye mawakili na kumbukumbu, hashughuliki na mwanamke mmoja aliyechoka. Sisi hatuwezi kuanza na watoto wote wa nchi. Tuanze na wale ambao tayari wana amri ya mahakama na baba hajalipa, katika wilaya chache, tuone kiasi gani kinarudi.

Ila tujihadhari na kosa la Waingereza. Wao walianzisha wakala wa kukusanya matunzo mwaka 1993, lakini mama aliyekuwa akipokea msaada wa Serikali alipunguziwa msaada huo kwa kadiri ya kilichokusanywa kwa baba. Baba alikamuliwa, hazina ikapata nafuu, na mtoto hakuona tofauti mezani. Haishangazi kwamba wazazi wa pande zote mbili walikosa sababu ya kushirikiana na wakala ule. Ilichukua mpaka mwaka 2010 kuondoa makato hayo kabisa. Fedha ya mtoto ikikusanywa imfikie mtoto.

Majirani zetu wa Kenya nao wana funzo chungu. Mwaka 1959 walipata sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumdai baba wa mtoto wake. Mwaka 1969 Bunge lao, lililojaa wanaume, likaifuta, huku wengine wakidai wanawake wanaitumia kuwanyonya wanaume. Vizazi vya watoto vililipa gharama ya uamuzi huo mpaka Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, ilipotamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Malalamiko ya mwaka 1969 bado nayasikia kwenye vijiwe vyetu. Kwamba wanawake watawabambikia wanaume watoto: basi Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya vinasaba, na mahakama inaweza kuagiza kipimo. Kwamba mama atazitumia fedha kusukia nywele: mahakama iamuru mwenye shule na mwenye nyumba walipwe moja kwa moja ikiona haja, ingawa nawaomba mkumbuke kwamba kodi ya chumba anacholala mtoto ndiyo hiyo hiyo kodi ya chumba anacholala mama. Kwamba baba ananyimwa kumwona mtoto: hilo ni dhuluma na mama anayefanya hivyo anakosea, lakini sheria imempa baba njia ya kuomba haki hiyo mahakamani. Tumbo la mtoto lisiwekwe rehani kwa ugomvi wa wakubwa. Na kwa Waislamu wenzetu wanaodhani talaka hukata kila kitu, wasome tena Sura Al-Baqara, aya ya 233, juu ya wajibu wa baba kwa chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mtoto wake.

Wakati tunawasubiri wabunge, wazee wa familia wana la kufanya wiki hii hii. Vikao vingi vya matunzo humalizika sebuleni kwa baba kuahidi na wazee kuitikia, kisha kila mtu anakwenda zake. Mapatano hayo yaandikwe: kiasi gani, siku gani, kwa namba ipi ya simu, na nani atalipa matibabu mtoto akiugua. Yasainiwe na wote wawili mbele ya afisa ustawi wa jamii, kisha yapelekwe mahakamani yapate nguvu ya amri. Kila upande ubaki na nakala yake. Na baba anayelipa kwa uaminifu atume kwa simu badala ya kutoa mkononi, aandike katika ujumbe kwamba ni matunzo ya mtoto fulani, mwezi fulani, ili hakimu akiuliza asitegemee kumbukumbu za mtu.