Drafti ya kitambaa kwa watoto nyumbani

Shule zikifungwa, mzazi anayeishi katika nyumba ya kupanga huko Umoja au Kayole hukabiliwa na swali moja: watoto watashinda wakifanya nini? Runinga na simu hulijibu upesi, na wazazi wengi huliachia hapo. Wiki hii twapendekeza drafti, mchezo ambao kila mpita njia ameuona kwenye stegi za bodaboda na vibanda vya jua kali, watu wameinamia ubao na vifuniko vya soda. Kasoro ni kwamba huko wachezaji karibu wote ni wanaume. Msichana wa Gredi ya 6 hawezi kwenda kuketi pale ili ajifunze, ilhali ni mchezo unaomzoesha mtu kupima matokeo kabla ya kusogeza mkono. Basi na utengenezwe nyumbani.

Badala ya mbao tutumie kitambaa na vinili ya kubandika kwa pasi, ile ambayo mara nyingi huandikiwa nambari migongoni mwa jezi. Huuzwa katika maduka ya bidhaa za wachapishaji wa fulana. Ikiwa upana wake ni sentimita 50, robo mita yatoa miraba 50 yenye sentimita 5 kila upande. Drafti ina miraba 64, lakini wewe utakata 32 ya rangi nyeusi tu. Iliyosalia ni rangi ya kitambaa chenyewe.

Kitambaa kiwe cha pamba, mathalani marikani, sentimita 50 kwa 50. Nailoni huyeyuka. Kifue kwanza na kukipiga pasi, kwa sababu marikani mpya hupungua ikifuliwa na vinili itakunjamana. Kisha mtoto achore kwa penseli na rula mraba mkubwa wa sentimita 40, augawe mara nane kila upande.

Kazi ya pasi ni ya mtu mzima. Pasi iwe kwenye moto wa pamba, bila mvuke hata kidogo. Tumia meza ngumu iliyotandikwa leso kuukuu. Blanketi hudidimia na kufanya vinili isishike. Panga miraba mistari miwili kwa wakati mmoja, upande wenye plastiki angavu ukitazama juu, ufunike kwa kitambaa chepesi, kisha ukandamize kwa sekunde 10 hadi 15. Usiburute pasi kama unayenyoosha shati. Kama pasi yako ina matundu ya mvuke, isogeze kidogo na ukandamize tena, kwani penye matundu hapapati joto la kutosha. Muulize muuzaji iwapo plastiki yake hubanduliwa ikiwa moto au ikipoa, maana zatofautiana. Ukingo ukiinuka, rudisha plastiki na ukandamize tena. (Pasi ya makaa? Joto lake halitabiriki. Afadhali kumwomba jirani.)

Fundi wa cherehani atakupigia pindo. Usikifue kabla ya saa 24 kupita, na baadaye ukipige pasi upande wa nyuma pekee.

Kete ni vifuniko 24 vya soda, 12 vikitazama juu na 12 chini. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasiviguse, kwani hawakawii kuvitia kinywani. Mraba mweusi wa pembeni uwe kushotoni kwa kila mchezaji, na kete zitembee juu ya miraba myeusi tu. Kabla ya mchezo kuanza, kubalianeni iwapo kula ni lazima na jinsi mfalme anavyotembea. Kila stegi ina kanuni zake, na hapo ndipo ugomvi huzuka.

Miraba 18 itakayobaki yatosha kukatia herufi za majina ya watoto. Zichore kinyume upande wa nyuma wa vinili, la sivyo zitasomeka kwa kioo. Mkisafiri kwenda kwa nyanya mwezi Desemba, kunjeni kitambaa mkitie mkobani, na vifuniko ndani ya soksi kuukuu.