Kama si TB, Ni Nini?

Ukifungua spika yako kubwa utapata kapasita na koili. Hiyo ndiyo filta: besi inapelekwa kwa woofer, sauti nyembamba kwa spika ndogo. Hakuna sauti inayotupwa, kila moja ina pa kwenda.

Sasa cheki kikohozi. Kenya, mtu akikohoa wiki mbili anafaa kupimwa TB, na hiyo ni sawa kabisa. Shida inaanza makohozi yakikosa TB: wengi wanapewa dawa ya kikohozi na kurudi nyumbani. Kama ni uvimbe wa saratani, unaendelea kukua mapafuni kimya kimya. Ukigunduliwa mapema unaweza kukatwa. Ukishasambaa, kupona ni nadra.

Fikiria mzee wa Kiwayu. Kufika tu hospitali ya kaunti, Lamu mjini, ni safari ya boti. Ukimwambia "rudi baadaye", nauli atatoa wapi?

Kwa hivyo jibu la "hauna TB" lisitolewe peke yake. Liandikiwe hatua inayofuata: eksirei ya kifua, na rufaa ikihitajika. Na wewe, ukimsindikiza mzazi kliniki, usitoke kabla hujauliza: kama si TB, ni nini?