Mwanafunzi Aanze na Kibodi

Nimebishana na walimu wenzangu mara nyingi juu ya jambo hili, wala sioni sababu ya kunyamaza. Mwanafunzi anayeanza kujifunza kupima kama tovuti inaweza kutumiwa na watu wenye ulemavu hupewa, siku ya kwanza, programu ya ukaguzi. Abonyeza, angoja, apata alama. Zikiwa 100, afurahi na kwenda zake. Huku ni kumfundisha mtu kuhesabu matofali ya nyumba bila kumwambia ajaribu kupita mlangoni.

Mwaka 2019 mtengenezaji wa tovuti, Manuel Matuzović, alitunga kwa makusudi ukurasa usiotumika na kipofu wala mwenye macho. Programu ya Lighthouse ya kampuni ya Google iliupa 100 kamili. Tunataka ushahidi gani zaidi? Programu hutambua kwamba picha ina maelezo. Haijui kama maelezo hayo ni ya kweli. Ramani ya kwenda hospitali ikiandikiwa "picha" tu, programu imeridhika, na asiyeona amebaki njiani.

Sisemi zitupwe. Kwa rangi zinanishinda: kanuni za WCAG zataka maandishi ya kawaida yapishane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na hilo halikadiriwi kwa jicho.

Lakini siku ya kwanza iwe ya kibodi. Mnyang'anyeni kipanya, ajaze fomu ya kuomba kazi kwa Tab, Enter na mishale peke yake. Aone alama ya mahali alipo inavyompotea. Aone kidirisha kilichofunguka kikikataa kufungika. Kisha azime kioo asikilize NVDA, programu ya bure ambayo Michael Curran wa Australia, mwenyewe asiyeona, aliianza mwaka 2006 (husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya ajabu). Atasikia "kitufe, kitufe, kitufe", asijue ni cha kutuma au cha kufuta.

Wenzangu hujibu kwamba muda hautoshi, darasa lina watu arobaini. Basi wakague ukurasa mmoja badala ya ishirini. Tena aitwe mtu asiyeona awaongoze, na alipwe kama mtaalamu yeyote anavyolipwa, maana mwenye macho aliyezima kioo kwa saa moja bado ni mgeni tu mahali ambapo mwenzake anaishi.